Rangi Imemwagika Kwenye Zulia: Maji ya Sabuni, Spiriti, Tapentaini au Mkasi?

Ukipita Mabatini, Isamilo au Nyegezi, hapa kwetu Mwanza, mwezi wa Desemba, utasikia harufu ya rangi mbichi karibu kila uchochoro. Watu wanajiandaa kwa sikukuu, wageni wanatarajiwa kutoka Sengerema, Geita na Ukerewe, na kuta zilizochafuliwa na mikono ya watoto mwaka mzima zinapakwa upya ndani ya siku mbili tatu. Kwa bahati mbaya huo ni msimu wa mvua za vuli, kwa hiyo fanicha na mazulia ambayo yangetolewa nje hubaki ndani, yakisogezwa kutoka kona moja hadi nyingine, na hapo ndipo kopo la rangi linapopigwa teke. Katika makala haya ninalinganisha njia ambazo hutumika kwetu kuondoa rangi kwenye zulia, ili mwenye zulia ajue aanze na ipi, aiogope ipi, na ni wakati gani mkasi unafaa kuliko dawa yoyote ya dukani.

Nitangulize neno moja kwa msomaji ambaye pengine rangi inakauka miguuni pake hivi sasa. Ikiwa rangi ni ya maji na bado ni mbichi, achana na dawa zote, chukua kijiko, taulo jeupe na maji ya sabuni, fanya kazi kwanza, kisha urudi kusoma.

Rangi ipi, na zulia lipi

Watu wengi huuliza dawa ipi ina nguvu zaidi. Swali hilo ndilo linaloharibu mazulia mengi, kwa sababu dawa yenye nguvu ya kuyeyusha rangi iliyokauka mara nyingi ina nguvu ileile ya kulegeza gundi iliyoshika manyoya kwenye mgongo wa zulia, au ya kuchuja rangi ya zulia lenyewe. Swali linalofaa lina sehemu tatu: rangi iliyomwagika ni ya aina gani, imekaa kwa muda gani, na zulia limetengenezwa kwa nyuzi zipi.

Rangi ya maji, ambayo ndiyo hupakwa kwenye kuta nyingi za ndani, ni chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea majini pamoja na unga wa rangi. Maji yakiruka, chembe hizo hukaribiana, hugandamana na kuwa utando mmoja ambao hauyeyuki tena kwa maji, hata ukimwagiwa ndoo nzima. Ndiyo maana sabuni inayofanya kazi vizuri saa nne asubuhi inaweza isifue dafu saa nane mchana. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, jua la mchana ni kali, na upepo wa kutoka ziwani hupenya madirishani, hivyo tone jembamba la rangi ya maji linaweza kushika utando kabla saa moja haijaisha, huku dimbwi nene likibaki bichi kwa muda mrefu zaidi chini ya ngozi yake.

Rangi ya mafuta, ile inayong'aa kwenye milango, fremu na grili za madirisha, hukauka kwa njia nyingine kabisa. Kwanza kimiminika kilichoichanganya huruka, kisha mafuta yenyewe huanza kuvuta oksijeni ya hewani na kugeuka, siku baada ya siku, kuwa kitu kigumu kisichofanana na kilichokuwa kwenye kopo. Tapentaini inayoisafisha brashi kwa dakika mbili jioni ya kazi haitaweza kuyeyusha tone la rangi hiyohiyo baada ya wiki tatu. Italilainisha tu, tena kwa shida. Aina ya tatu ni rangi za kupuliza, kama zile za magari na baadhi ya vanishi za mafundi seremala, ambazo hukauka kwa dakika chache na huyeyuka tena zikikutana na tina, yaani kile kimiminika kikali cha kupunguzia rangi za namna hiyo.

Kama kopo lipo, kazi ya kutambua ni nyepesi, kwani maelezo yake husema rangi ipunguzwe kwa maji au kwa tapentaini. Kama fundi ameondoka na makopo yake, weka spiriti kidogo kwenye pamba na usugue tone la rangi hiyo lililoangukia mahali pengine, kwa mfano kwenye sakafu ya vigae. Pamba ikichukua rangi, hiyo ni rangi ya maji. Ikitoka safi, yaelekea ni ya mafuta. Jaribio hili dogo limeniokoa mara nyingi kuliko maelezo ya mafundi, ambao wengi wao husema tu kwamba ni rangi nzuri.

Kuhusu zulia, nyumba nyingi za huku zina mazulia ya nyuzi za viwandani, yaani poliesta au polipropilini, yawe ya manyoya marefu ya sebuleni au yale mafupi yanayofunika chumba kizima. Zulia la sufu ni adimu, lakini lipo, na mara nyingi ni la urithi au la zawadi. Ukitilia shaka, ng'oa unyuzi mmoja kwenye ukingo, upeleke nje na uuwashe kwa kiberiti: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, lakini nyuzi za viwandani huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Tofauti hii ni kubwa, kwa maana sufu haivumilii maji ya moto, sabuni kali ya unga wala jiki, wakati polipropilini haijali maji hata kidogo ila huyapenda mafuta na kuyashikilia. Zulia la plastiki, lile linalotandikwa kama karatasi nene, silihesabu hapa, kwa kuwa rangi ya maji hubanduka juu yake kwa ukucha. Kumbuka tu kwamba tina na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, huyeyusha plastiki yake pamoja na maua yaliyochapwa juu.

Maji ya sabuni na spiriti kwa rangi ya maji

Maji ya sabuni ni njia ya bei ndogo kuliko zote na ndiyo pekee ambayo siwezi kufikiria zulia litakaloharibika kwayo, iwapo maji hayatakuwa mengi. Kwanza rangi iliyolala juu izolewe kwa kijiko au kipande cha kadi ngumu, kutoka ukingoni kwenda katikati, bila kuisukuma chini. Kisha changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika nusu lita ya maji ya uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto, uloweke kitambaa, ukikamue, ukibonyeze kwenye doa na ukiinue. Geuza upande safi, bonyeza tena. Kazi yote imo katika kubonyeza na kuinua. Anayesugua huku na huko hupeleka rangi kwenye nyuzi ambazo hazikuwa na doa na kuyavuruga manyoya yasirudi tena katika hali yake.

Kitambaa kiwe cheupe. Nimeona watu wakinyakua kanga iliyo karibu, na kanga mpya huchuja rangi inapolowa, matokeo yake doa moja jeupe likawa na mwenziwe mwekundu. Taulo la zamani au shuka iliyochakaa inafaa zaidi.

Udhaifu wa njia hii ni muda. Utando ukishafunga, sabuni huleta povu safi kabisa, povu zuri, na rangi inabaki pale pale ikikutazama. Udhaifu wa pili ni kusuuza, kwa kuwa sabuni iliyobaki kwenye nyuzi huvuta vumbi na baada ya mwezi mahali palipokuwa na doa la rangi huwa na doa la uchafu. Kwa wanaokaa juu ya vilima vyetu vya mawe, ambako kila ndoo hupandishwa kwa mgongo au kwa kichwa, kusuuza kwa kumwaga maji si jambo la kushauri, wala halihitajiki; kitambaa kilicholoweshwa maji matupu na kukamuliwa, kikibonyezwa mara sita au saba, kinatosha.

Ikiwa rangi imemwagika na huwezi kuishughulikia papo hapo, pengine kwa sababu fundi yuko katikati ya ukuta au mtoto analia, lifunike doa kwa taulo lililoloweshwa, na juu yake weka nailoni ya godoro jipya ikiwa hukuitupa. Rangi haitakauka chini yake kwa saa kadhaa. Nailoni hiyohiyo, ni kweli, ingetandikwa mapema isingekuwapo haja ya makala haya.

Spiriti huingia pale sabuni inaposhindwa. Alkoholi hulainisha ule utando wa plastiki hata baada ya siku kadhaa, ukawa kama ubani uliotafunwa, na hapo unaweza kukwanguliwa kwa ncha ya kijiko. Spiriti isiyo na rangi inayouzwa maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda inafaa. Iliyotiwa rangi iepukwe kwenye zulia la rangi nyepesi. Lowesha pamba au kitambaa, kilaze juu ya doa kwa muda wa dakika tano, kwangua, futa, rudia. Kitakasa mikono, ambacho kiliingia karibu kila nyumba mwaka 2020, nacho ni alkoholi kwa sehemu kubwa, na uzito wake una manufaa ambayo spiriti ya maji haina: hukaa juu ya doa bila kuzama hadi kwenye gundi. Hasara yake ni kwamba huacha utelezi unaohitaji kuoshwa kwa maji ya sabuni.

Ukiziweka njia hizi mbili pamoja, sabuni ni salama lakini haina subira ya kukusubiri wewe, na spiriti inakusubiri lakini inataka uangalifu. Inaweza kuchuja rangi ya zulia, ndiyo maana lazima ijaribiwe kwanza kwenye kona iliyo chini ya kochi, na inashika moto upesi. Sebuleni kwangu Nyegezi, doa la rangi ya maji lenye ukubwa wa kiganja lilikaa siku nne kwenye zulia la kijivu la manyoya kabla ya mtu yeyote kuniambia. Sabuni haikutoa chochote. Spiriti ilichukua dakika arobaini na chupa moja ndogo nzima, ikaondoa karibu lote, ila ikabaki mizizi meupe iliyoonekana tu manyoya yakipanuliwa kwa vidole, na ile sikuigusa tena kwa dawa, nitaieleza mbele.

Tapentaini na mafuta ya taa kwa rangi ya mafuta

Hapa ndipo ubishi mkubwa ulipo. Fundi rangi atakuambia tapentaini. Bibi atakuambia mafuta ya taa, naye hakosei. Vyote viwili vinalainisha rangi ya mafuta iliyo mbichi au iliyokaa siku moja mbili, na namna ya kuvitumia ni moja: kizolewe kwanza kinachozoleka, kisha kitambaa kiloweshwe kidogo tu na kubonyezwa kwenye doa. Kimiminika kisimwagwe moja kwa moja kwenye zulia. Kikimwagwa hushuka kikiwa kimebeba rangi hadi kwenye mgongo, na huko hukutana na gundi ya mpira ambayo huvimba na kulegea. Kama zulia linainulika, weka taulo kuukuu chini ya doa ili lipokee kinachoshuka.

Tofauti huonekana baada ya kazi. Tapentaini huruka hewani haraka kiasi, na harufu yake, ingawa ni kali na huleta maumivu ya kichwa katika chumba kilichofungwa, huisha baada ya siku moja au mbili madirisha yakiwa wazi. Mafuta ya taa hayana haraka. Sehemu yake hubaki kwenye nyuzi, hasa za polipropilini, na kuendelea kunuka na kukamata vumbi la miguu. Niliwahi kuyatumia kwenye zulia la chumba cha wageni kwa sababu tu yalikuwamo ndani na duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefungwa. Rangi ya kijani ya mlango ilitoka vizuri mno, lakini wiki chache baadaye mahali pale palikuwa na duara jeusi kubwa kuliko doa la mwanzo, na mgeni wangu wa Pasaka aliniuliza kwa upole kama tunahifadhi koroboi chini ya kitanda.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni tapentaini ikiwa unaweza kuipata, na mafuta ya taa ikiwa ni lazima, kwa sharti kwamba yafuatwe na maji ya sabuni mara mbili au tatu mpaka kitambaa kitoke bila utelezi wa mafuta. Tapentaini nayo ifuatwe na sabuni, lakini mara moja hutosha. Jambo ambalo halitofautishi viwili hivi ni hatari ya moto. Jiko la mkaa litolewe nje, jiko la gesi lizimwe, madirisha yafunguliwe, na dawa iliyobaki irudi kwenye chombo chake chenye maandishi. Kuiweka kwenye chupa ya soda ni kumwandalia mtoto mdogo sumu. Vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta visifinyangwe na kutupwa pamoja kwenye ndoo, kwa kuwa mafuta yale yanapovuta oksijeni hutoa joto, na lundo lililobanwa linaweza kujiwasha lenyewe. Vitandazwe kimoja kimoja juu ya jiwe nje, na mawe Mwanza hatujapungukiwa.

Wakazi wa Kirumba na wengine walio karibu na mialo wana tatizo lao la pekee, la rangi ya mitumbwi inayoingia ndani kwa viatu. Hiyo kwa kawaida ni rangi ya mafuta, hupakwa nene, na hufika kwenye zulia ikiwa nusu kavu pamoja na mchanga. Mchanga uondolewe kwanza kwa brashi kavu, kwani kitambaa chenye tapentaini kikipita juu yake huukwaruzisha kwenye nyuzi.

Rangi ya mafuta ikiwa imekaa wiki nyingi, tapentaini na mafuta ya taa zote mbili hazina maajabu. Hapo tone kavu hupasuliwa kwa koleo, taratibu, kwa kulibana mpaka livunjike vipande, kisha manyoya huchanwa kwa chanuo na vipande kuokotwa au kufyonzwa kwa mashine. Inashangaza jinsi njia hii isiyo na dawa hata moja inavyofaulu kwenye matone madogo ya rangi inayong'aa, kwa kuwa ugumu wa rangi hiyo ndio huo huo unaoifanya ivunjike. Nisingeifanya kwa rangi ya nyumba kongwe iliyobanduka ukutani, kwani rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake halifai mahali watoto wanapotambaa.

Tina, petroli na asetoni

Petroli naiondoa kabisa kwenye ulinganisho. Hutoa mvuke katika joto lolote la nyumba zetu, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukafika jikoni kwenye moto ambao aliye sebuleni hauoni. Hakuna zulia lenye thamani hiyo.

Tina ina nafasi moja tu, nayo ni rangi za kupuliza na vanishi za kukauka haraka, ambazo hazisikii kitu kingine. Hata huko itumike kwa pamba ya masikio, tone kwa tone, kwenye ncha za manyoya pekee. Jirani yangu mmoja aliruhusu fundi amwage kikombe cha tina kwenye doa la rangi ya mafuta, rangi ikatoka kweli, na wote wawili wakafurahi mpaka zulia lilipokauka, kwa maana manyoya yalianza kung'oka kwa mafungu kila mtoto alipopita, na pakabaki upara wenye ukubwa wa sahani. Rangi yenyewe ingeweza kutolewa kwa tapentaini.

Asetoni, ambayo wengi wanayo ndani kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, inafanana na tina kwa ukali. Inaondoa rangi ya maji iliyokauka haraka kuliko spiriti, na hilo ndilo linalowavutia watu, lakini baadhi ya nyuzi za viwandani huyeyuka ndani yake, na dawa nyingi za kucha zimetiwa mafuta na rangi ambavyo huacha alama vyenyewe. Spiriti ikichukua nusu saa na asetoni ikichukua dakika tano, mimi nitakaa nusu saa.

Vingine nivipitie haraka. Jiki haiondoi rangi ya ukuta, inaondoa rangi ya zulia, na anayeitumia huishia na madoa mawili. Kwenye sufu huila nyuzi zenyewe, na ikichanganywa na siki hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu. Siki na magadi ya kuokea hufurahisha kwa povu lake, basi. Pasi juu ya kitambaa kibichi hulainisha rangi ya maji kweli, lakini polipropilini huyeyuka kwenye nyuzijoto 160 hivi, wakati pasi iliyowekwa kwenye joto la pamba hupita hapo kwa mbali, na zulia lililoyeyuka halina dawa.

Mkasi

Hakuna anayeupendekeza mkasi, nami naona hilo halina sababu. Manyoya ya mazulia ya sebuleni ya siku hizi yana urefu wa sentimita tatu na zaidi, na rangi iliyodondoka, tofauti na iliyomwagika, mara nyingi imekaa kwenye milimita mbili au tatu za juu. Mkasi mdogo wa kucha ukikata ncha hizo moja moja, huku mkono wa kushoto ukiyanyoosha manyoya, hakuna atakayejua. Hauna harufu, hauhitaji maji, hauna moto, na unafanya kazi sawa kwa rangi ya maji, ya mafuta na ya gari, ikiwa imekauka leo au mwaka jana. Kwa matone ya kudondoka kwenye zulia la manyoya marefu, nauweka juu ya kila dawa niliyoitaja.

Unashindwa pale rangi ilipoingia hadi mizizini na pale zulia lenyewe lilipo fupi, kwa kuwa shimo lake huonekana hata gizani. Ile mizizi meupe ya zulia langu niliimaliza kwa kuchanganya njia mbili: nilikata vishada vinne vilivyoshika rangi, nikachukua vingine vinne kutoka ukingo uliofichwa na kabati, nikavibandika kwa gundi ya viatu. Kazi ilinichukua Jumapili nzima baada ya ibada. Kwa zulia la bei ndogo nisingejisumbua, ningeligeuza tu doa likalala chini ya kochi, na hiyo nayo ni njia halali.

Kulifua lote

Doa likiwa kubwa kuliko sahani, au likiwa limeshaloweshwa dawa tatu tofauti na kila mpita njia, zulia linahitaji kufuliwa lote. Nyumbani inawezekana kama una ua, maji ya kutosha na watu wawili wa kulibeba, kwa sababu zulia la manyoya likinywa maji huwa na uzito wa kutisha. Maji ya ziwa hayana chumvi nyingi, hivyo sabuni hutoa povu kwa urahisi kuliko kwa maji ya visima vingi, na kishawishi cha kulipeleka zulia kwenye mawe ya ufukweni kipo. Nakusihi ukishinde. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukweni, na mbali ya sheria, tapentaini na chembe za rangi zikioshwa pale zinaingia katika maji yaleyale tunayoyanywa na tunamovua dagaa.

Kukausha ndiko kunakoamua kama kufua kulikuwa na faida. Zulia linapaswa liwe kavu hadi mgongoni ndani ya siku moja au mbili, la sivyo huota ukungu na kunuka, na katika mvua za Novemba na Desemba siku mbili kavu zinazofuatana hazina uhakika. Ndiyo sababu, kwa doa la msimu wa vuli, napendelea kutibu mahali palipochafuka pekee na kuacha kufua kote hadi Januari au Februari, mvua zinapopungua.

Wafuaji wa mazulia mjini ni wa namna mbili, wale wenye mashine ya kufyonza maji na wale wa sehemu za kuoshea magari wanaotumia bomba la shinikizo. Bomba huondoa vumbi la mwaka mzima kwa dakika chache na bei yake ni nafuu, lakini halina uwezo wowote juu ya rangi iliyokauka, na likielekezwa karibu mno mahali pamoja kwa matumaini ya kuling'oa doa, hung'oa manyoya. Mashine ya kufyonza ni ghali zaidi, ila huacha zulia likiwa na unyevu mdogo, na mwenye kuijua kazi yake atalitibu doa kwa mkono kwanza. Kwa zulia la sufu nisingefikiria bomba hata kidogo.

Kabla hujalikabidhi, mweleze mfuaji rangi ilikuwa ya maji au ya mafuta, ina siku ngapi, na umeshaweka nini. Kama uliweka mafuta ya taa au tina, mtajie waziwazi, maana yeye atatumia dawa yake juu ya hiyo yako na pengine mashine yenye joto. Lizungushie doa uzi mweupe ulioshonwa kwa mkono, kwa kuwa zulia likishalowa lote hukolea rangi, na doa hupotea machoni mpaka litakapokauka, ukiwa umeshalipa na kurudi nalo nyumbani.